Mshale wa Maji na Mshale wa Miguu

Akwero alishika mwiko wa ujenzi kwa mara ya kwanza akiwa na mimba ya miezi minne, na hakuna aliyejua habari za mimba hiyo isipokuwa Moreen mpishi, maana Moreen huwatazama watu wanavyokula. Kabla ya hapo Akwero alikuwa kibarua wa kubeba: matofali kichwani, kokoto kwenye karai, maji kwenye dumu la njano. Baada ya hapo aliendelea kubeba vilevile, ila kila mafundi walipokwenda kula yeye aliokota mwiko wa mmoja wao, akaziba shimo lililoachwa sakafuni, akalainisha, akaurudisha mwiko pale pale ulipokuwa. Mafundi waliporudi waliona shimo limezibika. Kila mmoja akadhani ni mwenzake.

Alizaliwa kambini. Baba yake, Faustino, alikuwa askari jeshi, mtu wa upande wa Kitgum, kaskazini mwa Uganda, akihamishwa huku na huku, na watoto wake walijua Kiswahili kabla ya kujua viatu. Kilikuwa Kiswahili cha kambi, kisicho na mapambo: njoo, simama, beba, wacha. Alisoma mpaka darasa la saba na shule ikaishia hapo. Akaolewa na Ocira, polisi, kijana mpole anayezungumza kidogo kama mtu anayetunza maneno yasiishe. Kabla hawajapewa chumba kwenye kambi ya polisi ya Nsambya walipanga kibanda mahali pengine, na katika kibanda hicho ukimwaga maji mlangoni yalikimbilia chini ya kitanda. Akwero alikausha maji hayo mwaka mzima. Siku moja akapiga magoti, akalaza chupa yenye maji nusu sakafuni, akatazama povu la hewa linavyokwenda. Likaenda mlangoni. Ndipo alipojua kwamba maji hayana ukorofi wowote. Kuna mtu aliyeiweka sakafu ile vibaya, akaenda zake.

Mtoto alipozaliwa alipewa jina Alal. Alipofikisha miezi mitano mama yake akarudi kazini naye mgongoni, na Moreen akamtandikia mkeka karibu na jiko, mahali ambapo moshi haufiki.

Kazi yenyewe ilikuwa Luzira, kwenye mteremko unaotazama ziwa, katika nyumba ya kuzalishia ya mkunga mmoja aitwaye Phelister. Nyumba ya zamani ilikuwa juu kidogo. Chini yake, upande wa ziwa, kilikuwa kinajengwa chumba kipya cha kujifungulia, na kati ya nyumba na chumba ilitakiwa njia ya kupitisha vitanda vyenye magurudumu, ya mita sita, yenye paa lakini isiyo na kuta. Mafundi wa kwanza walijenga msingi wa chumba kipya, wakatandika ile nailoni nyeusi ya kuzuia unyevu, kisha wakafukuzwa kwa uvivu. Ndipo akaletwa Obura na watu wake.

Obura alikuwa Mkenya wa Siaya, miaka ishirini na miwili Kampala, tumbo mbele na penseli sikioni. Kiswahili chake kilikuwa kirefu kuliko cha mtu yeyote pale, na alikitumia pia kufunika yale asiyoyajua. Alikuwa na sheria moja ambayo hakuibadilisha kwa ajili ya mtu. Fundi akikosea, anavunja mwenyewe. Kibarua haguswi wala hatumwi kurekebisha kosa, maana kibarua hana kazi iliyo yake, anabeba tu. Tamim, fundi mkubwa pale, Mnubi wa Bombo mwenye ulimi mkali, aliwahi kujenga ukuta uliotoka nje ya timazi kwa upana wa kidole. Obura akampa nyundo mbele ya watu. Tamim akauvunja ukuta tangu asubuhi hadi saa ya chakula, bila wimbo, bila neno, na hakuna kibarua aliyeruhusiwa hata kumwondolea kifusi.

Ramani ya kazi ilibandikwa kwenye mlango wa stoo. Ilikuwa imelowa mvua mara mbili na kukauka mara mbili, namba nyingi zimefutika, ila mistari na mishale ilibaki. Pembeni ya mistari, injinia aliandika maelezo kwa Kiingereza. Injinia huyo, Byron, alikuwa kijana mwenye miwani, anasoma bado chuo cha Kyambogo huku akisimamia kazi, anakuja kwa bodaboda mara mbili kwa wiki. Obura alikuwa akiyasoma maelezo hayo kwa midomo, kimya, kisha anageuka na kuwatangazia watu.

"Injinia anasema iiname."

Sakafu ya bafu: iiname. Paa: liiname. Vigae vya ukutani: viiname. Watu walifanya kazi, wakauliza wao kwa wao, na mara nyingi ilitoka sawa kwa sababu mikono ilikuwa inajua.

Akwero hakuridhika. Aliona kwamba kwenye karatasi neno halikuwa moja. Siku moja wakati wa chai Byron akiwepo, akasimama na kikombe chake.

"Injinia, naomba kuuliza."

"Haya, mama polisi anaanza upelelezi," akasema Tamim kutoka kwenye nguzo alipokuwa ameegemea. Watu wakacheka.

"Uliza," akasema Byron.

"Pale kwenye bafu umeandika 'slope'. Kwenye ule ukuta wa kaka Tamim uliandika 'lean'. Kwenye vigae kuna 'slant'. Mzee Obura anatuambia yote ni kuinama. Ni kitu kimoja?"

Obura akakohoa. Byron alifikiri kidogo, akainua kikombe chake na kukilaza upande mmoja mpaka chai ikafika ukingoni.

"Hii ni 'tilt'. Kikombe kilikuwa sawa, mimi nimekilaza, na nikitaka nakirudisha." Akamwonyesha Tamim kwa kidevu. "Na huyo, huyo ndiye 'lean'. Ameegemea. Ukiondoa nguzo yuko chini."

Tamim akasimama wima haraka, na kicheko kikahamia kwake.

"Ukuta ukifanya hivyo hatuusifu," akaendelea Byron. "Mnajua wenyewe tulivyoufanya."

"Mimi nimekosa nini leo?" akauliza Tamim. "Nakunywa chai yangu."

"'Slant' ni ya mstari. Mwandiko ukilala. Vigae vikipangwa kutoka kona hii mpaka kona ile."

"Mshazari," akasema Obura, ambaye alichoka kunyamaza. "Sisi tuna neno letu. Mshazari. Si mngeniuliza?"

"Asante, mzee. Mshazari. Na 'slope' ni ya kukaa. Ardhi, paa, sakafu. Hakuna mtu aliyeiinua ili airudishe baadaye. Imewekwa hivyo ibaki hivyo."

"Na hii 'fall' ya bafuni?"

"Ni 'slope' ile ile, Mama Alal. Ila hapo umesimama upande wa maji. Maji hayajui kupanda, yanajua kushuka tu. Lakini mtu anayesukuma kitanda, ukimuuliza sakafu ikoje, atakuambia inapanda." Akatazama saa yake, akamaliza chai, akaenda.

Huko Uganda kila mtoto ana daftari lake la hospitali. Mama analibeba, daktari anaandika humo uzito na sindano. Daftari la Alal lilikuwa na kurasa nyingi nyuma ambazo bado hazijaandikwa. Jioni ile Akwero alilipindua, akaandika kwa nyuma, kwa herufi kubwa za darasa la saba:

Tilt, kikombe. Lean, Tamim. Slant, mwandiko wa Ocira. Slope, barabara ya kwenda ziwani. Fall, maji.

Ocira aliporudi kazini alilisoma, akacheka kidogo, akauliza kama mwandiko wake umelala kiasi hicho.

"Umelala kama mtu wa zamu ya usiku," akasema Akwero.

Obura aligundua habari za mwiko siku ya Jumamosi. Alirudi mapema kutoka kula kwa sababu alisahau miwani, akamkuta Akwero amepiga magoti kwenye veranda akilainisha kona. Alichukua miwani akaondoka. Jumanne asubuhi, watu wakiwa wamesimama wakingoja kupangiwa kazi, akasema kana kwamba anazungumzia hali ya hewa:

"Ile njia ya vitanda ni ya Mama Alal."

"Kubeba?" akauliza Tamim.

"Kuiweka. Kokoto, zege, kulainisha, yote. Ikitoka vizuri, ataandikwa fundi wa sakafu. Ikitoka vibaya, matofali yako pale, yanamjua."

Akwero alisema, "Asante, mzee," akaenda kumnyonyesha Alal kwanza ili asimwite katikati ya kazi.

Kisha akaenda mlangoni mwa stoo kuisoma ramani.

Njia ilikuwa imechorwa na mishale miwili. Mmoja mfupi ulikata njia kwa upana, ukaelekea kwenye mtaro. Huo ulikuwa wazi: mvua ikipulizwa na upepo kutoka ziwani, maji yatoke upande. Mwingine ulikuwa mrefu, ukifuata njia yenyewe, unatoka nyumba ya zamani na kuishia chumba kipya. Chini yake namba ilisomeka bado: nusu mita. Neno lililokuwa kando yake lilikuwa limebaki alama ya penseli iliyolowa.

"Umeona," akasema Obura nyuma yake. "Inashuka nusu mita kwenda chumba kipya. Iiname ziwani, kama mlima wenyewe unavyoiname." Akajirekebisha, "unavyoinama."

Nyuma yao Tamim na vibarua walikuwa wameanza kukoroga zege kwenye bati. Sauti ya beleshi ikaanza kwenda na kurudi.

Akwero hakuondoka mlangoni. Macho yake yalihamia upande mwingine wa karatasi ile ile, mahali zilipochorwa ngazi tatu za mbele, ambazo yeye mwenyewe alizibebea matofali mwezi wa kwanza wa kazi. Ngazi nazo zilikuwa na mshale. Mshale ule ulitoka uani ukaelekea mlangoni. Na kila mtu aliyepita pale alijua kwamba kutoka uani kwenda mlangoni unapanda.

Akatazama mishale ya bafu. Yote ilielekea kwenye tundu la maji. Inashuka.

Akatazama tena ngazi. Ule ulikuwa mshale wa miguu.

"Mzee," akasema, "kwani mshale huu mrefu ni wa maji?"

"Mshale ni mshale, Mama Alal."

"Ule wa ngazi unapanda."

Obura akasogea, akatazama ngazi, akatazama njia. Penseli ikatoka sikioni ikarudi sikioni. "Ngazi ni ngazi. Hii ni sakafu. Mvua ya hapa yote inakwenda ziwani, hata mwenye nyumba akikataa. Utapandisha sakafu uelekee ziwa? Nani amewahi kuona?"

Ni kweli hakuna aliyewahi kuona. Mlima wote pale unateremka, na jicho linateremka nao. Ukisimama kwenye mlango wa nyumba ya zamani na kutazama msingi wa chumba kipya, unauona uko chini, kama kila kitu kingine kilichoko upande ule.

"Naomba mpira wa maji," akasema Akwero.

Mpira wa maji ni mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uliojazwa maji. Mtu mmoja anashika ncha huku, mwingine ncha kule, na maji ya pande zote mbili yanakaa kimo kimoja hata mlima ukiwa katikati. Kila mjengo wa Kampala una mpira huo, na kila fundi anaujua. Ila asubuhi ile haukuwa umepangwa kutumika, maana kila mtu alikuwa ameshaona kwa macho.

"Zege inaganda," akasema Obura.

"Dakika tatu, mzee. Kaka Tamim, nisaidie ncha ile."

"Mimi nimekuwa poota wako, kibarua wa kukushikia?" akasema Tamim, lakini aliacha beleshi na kuchukua ncha, maana alitaka kuona mama polisi anavyoaibika. Akateremka mpaka kwenye msingi wa chumba kipya, mahali nailoni nyeusi ilipotokeza ukingoni. Sakafu ya chumba ingekaa juu ya nailoni ile.

Akwero alipiga magoti kwenye kizingiti cha nyumba ya zamani, akasogeza ncha yake mpaka maji yakalingana na sakafu.

"Kwako maji yako wapi?"

Tamim akainama juu ya ncha yake.

"Kaka Tamim! Yako wapi?"

"Chini."

"Chini ya nailoni?"

"Chini yake. Kama..." Akaweka kiwiko chake kwenye usawa wa maji na kunyoosha mkono juu, vidole vikagusa nailoni. "Dhiraa nzima."

Nusu mita. Chumba kilichoonekana kiko chini kilikuwa kimejengwa kiwe juu.

Obura alishuka mwenyewe akashika ncha, akaitikisa, akangoja maji yatulie, akaona lile lile. Uso wake ukaanza kuiva.

"Nailoni ya wale wavivu," akasema. "Watu waliofukuzwa hapa kwa sababu ya kazi mbovu, ndio leo unaniletea kama mashahidi?"

Hapo aliongea ukweli, na Akwero alijua ni ukweli. Msingi ule ungeweza kuwa kosa jingine la watu waliofukuzwa. Mshale wa ngazi nao ulikuwa mshale mmoja tu.

"Mpigie injinia, mzee," akasema.

Obura akapiga. Simu ilikuwa imezimwa. Byron alikuwa chumba cha mtihani Kyambogo mpaka alasiri, alikuwa amewaambia hivyo tangu wiki iliyopita.

"Wewe umesoma mpaka wapi?" akauliza Obura.

"Darasa la saba."

"Mimi nimejenga miaka ishirini na miwili. Sasa nakuambia, weka sakafu hii inashuka. Nimekupa kazi, nimekupa zege, nimekupa na maneno. Kosa likiwepo ni langu."

Ilikuwa njia rahisi, na Akwero aliiona vizuri. Angeiweka inashuka, angelainisha, Obura angesifu ulaini, na jioni angeandikwa fundi. Kosa likionekana baadaye lingekuwa la mzee. Alitazama ule msingi. Akafikiria mvua ya mwezi wa nne ikiingia kwenye njia hiyo na kufuata mteremko mpaka kwenye mlango wa chumba ambamo mwanamke amelala anasubiri mtoto. Alikuwa ameshakausha maji chini ya kitanda mwaka mzima, akiwa hana mtoto hata mmoja.

"Mzee, sikatai kazi," akasema. "Naomba mpaka injinia atoke."

"Na zege hii niiweke wapi? Mfukoni?"

"Kwenye sakafu ya kufulia. Mbao zimezungushwa tangu Jumamosi, kokoto imeshindiliwa. Ile haina ubishi, inashuka mtaroni."

"Ile ni ya Ijumaa!"

"Ijumaa tutaikuta imekauka."

Mabeleshi yalikuwa yamenyamaza. Moreen alitoka jikoni na mwiko wa ugali mkononi. Obura alimtazama mwanamke yule aliyesimama mbele yake na tope mpaka magotini.

"Hebu niambie, hilo jina lako, Akwero. Kwenu maana yake nini?"

"Nimekataa."

"Ndiyo maana! Wazazi wako wangekupa jina jingine, leo ningepumzika." Watu wakacheka, yeye hakucheka. "Sawa. Zege iende kwenye kufulia, na utaiweka wewe. Lakini sikia vizuri. Injinia akija akasema mshale unashuka, mwiko unaweka stoo, kesho uko kwenye matofali, na usinililie."

"Sitalia."

Zege lilikuwa limeanza kukaza. Aliliweka kwa haraka, toroli baada ya toroli, akavuta ubao mnyofu kutoka ukutani kuja mtaroni, akapima mteremko kwa chupa ya Alal iliyokuwa na maji nusu, maana pima maji ya Tamim ilikuwa na ufa na Tamim hakuitoa. Pembe tatu zilitoka vizuri. Alipofika pembe ya nne Alal akaanza kulia, si kilio cha njaa, kile kingine, cha mtoto aliyeanguka kidogo. Akwero akageuza kichwa. Moreen alikuwa ameshamwinua, akamwonyesha kutoka mbali kwamba hana kitu. Akwero akarudisha macho, akapitisha mwiko kwenye pembe ile mara mbili, akainuka kwenda kumwona mwanawe. Chupa hakuilaza tena pale.

Kuanzia saa sita mpaka saa kumi alibeba kokoto. Hakuna aliyemwambia abebe, ila kukaa bure kulimshinda.

Byron alifika saa kumi na robo, tai yake ya mtihani bado shingoni. Obura alimpeleka moja kwa moja kwenye mlango wa stoo, na watu wote wakapata kazi ya kufanya karibu na hapo.

"Mshale huu mrefu," akasema Obura, "tulikuwa tunaujadili."

"Una nini?"

"Unakwendaje?"

Byron akamtazama kama mtu aliyeulizwa jina la siku. "Unapanda. Njia ya kitanda ni kama ngazi, mshale unaelekea juu. Kwani imefutika? Si niliandika hapa?" Akasugua karatasi kwa kidole. "Lo, imefutika. Mzee, miaka ile ziwa lilipojaa, maji yaliingia kwenye nyumba za huko chini, si mnakumbuka? Mama Phelister akasema chumba cha kuzalia kiwe juu kuliko nyumba ya zamani, hata kama watu watacheka. Ndiyo maana msingi ule ni mrefu." Kisha uso ukambadilika. "Hamjamwaga?"

"Hatujamwaga," akasema Obura. "Tuliona."

Tamim alipata kikohozi cha ghafla, akainama juu ya beleshi lake. Akwero alikuwa penye pipa la maji akiosha mwiko. Aliuosha mpini na bamba, akauosha tena. Hakuna aliyemwita, na Byron akaondoka bila kujua ni nani aliyeona.

Obura alipita karibu naye akienda nyumbani, akasimama.

"Kesho njia," akasema, akaendelea kutembea.

Asubuhi sakafu ya kufulia ilikuwa imekaza vya kutosha kuvumilia maji. Tamim alifika kabla ya wote. Akwero alipoteremka kutoka barabarani na Alal mgongoni alimkuta amesimama hapo na dumu la maji, na watu watano wamemzunguka.

"Njooni muone! Mama polisi ametujengea ziwa!"

Maji yote yalikuwa yameshuka mtaroni, isipokuwa kwenye pembe ya nne. Pale palibaki dimbwi la ukubwa wa sahani, limetulia, na mawingu yalionekana ndani yake.

"Hili tutaliita nini?" akauliza Tamim. "Ziwa la Akwero. Mimi nitanunua mtumbwi."

Akwero alichuchumaa, akaweka kidole kwenye dimbwi. Kina chake kilikuwa kidogo, chini ya ukucha. Lakini nguo za wazazi zingefuliwa pale kila siku, na maji yangelala pale kila siku, na mbu wangejua njia. Alijua saa na dakika pembe ile ilipoharibika.

"Ni langu," akasema.

Obura akaja akipangusa miwani. Akatazama dimbwi kwa muda mrefu kuliko lilivyostahili. Akwero alikuwa ameshaifungua leso ili amshushe mtoto, na macho yake yalikuwa kwenye rundo la matofali kando ya lango.

"Mzee, nimtume poota mmoja avunje?" akauliza Tamim. "Ni nyundo tano tu."

"Poota wa nini?" akasema Obura. "Wewe ukuta wako alikuvunjia poota?"

Tamim akaliweka dumu chini.

"Mama Alal, nyundo na patasi ziko stoo. Vunja pembe yako, uipige upya. Ukimaliza njoo kwenye njia, zege ya kwanza ni saa nne." Akachukua penseli sikioni, akaandika kitu kwenye karatasi yake, akaondoka akimfokea mtu kuhusu mchanga.

Akwero alisimama kidogo. Kisha akamlaza Alal kwenye mkeka, akaenda stoo, akarudi na nyundo. Pigo la kwanza lilikuwa dogo, la kutafuta mahali. Kibarua mmoja alisogea na karai kumwondolea kifusi.

"Wacha," akasema Akwero bila kuinua kichwa. "Hiyo naondoa mwenyewe."

Tamim alikuwa bado amesimama pale. Alichuchumaa, akatoa pima maji yake yenye ufa kwenye mfuko wa nyuma, akaiweka juu ya zege kavu, karibu na goti la Akwero.

"Ufa uko upande wa kushoto," akasema. "Usome upande wa kulia."